Kafyu ya Chui: Kumsoma Jim Corbett Rudraprayag na Nyeri

Ukisomea shule ya msingi Nyeri mjini, kuna siku mtapelekwa makaburini. Mnapangwa wawili wawili, mnashikana mikono kuvuka barabara, mnaingia makaburi ya St Peter's na kusimamishwa mbele ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mwalimu anasema maneno yake, skauti wanapiga saluti, halafu mnarudi darasani. Mimi nilienda mara tatu. Hakuna hata mara moja tulipoambiwa kwamba katika makaburi hayo hayo amelala mwandishi.

Mwandishi huyo ni Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akafia Nyeri Aprili 1955. Nilikuja kumfahamu nikiwa na miaka 34, na wala si Nyeri. Ilikuwa Delhi, kando ya barabara, kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu. Nilikuwa nimempeleka mzee wangu India kufanyiwa upasuaji wa moyo. Safari hii Wakenya wengi mnaijua: harambee, fomu za viza, chumba cha kupanga karibu na hospitali, wali na dengu mchana na usiku, na kusubiri. Kusubiri ndiko kunakommaliza mtu. Nilinunua kitabu chembamba kwa sababu jaladani palikuwa na chui, na kwa sababu nyuma, kwenye maelezo mafupi ya mwandishi, jicho langu liliangukia neno Nyeri.

Kitabu chenyewe ni The Man-Eating Leopard of Rudraprayag, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Kinasimulia jinsi Corbett alivyomwinda chui mla watu katika milima ya Garhwal, kaskazini mwa India, kwenye njia ya hija ya Wahindu. Jioni nilikuwa nikimsomea mzee, nikitafsiri papo hapo, Kiswahili hapa, Kikuyu pale. Tulipofika sura inayoeleza jinsi watu walivyojifungia ndani usiku, mzee aliinua mkono nisimame.

"Huyu alikaa Nyeri miaka gani?"

Nikamwambia, kuanzia mwisho wa 1947 hadi 1955. Akatazama dari kwa muda.

"Basi kafyu aliijua mara mbili," akasema.

Kauli hiyo ndiyo iliyonipandisha basi. Upasuaji ulipokwisha salama, dada yangu alikuja kunipokea zamu, na kabla ya tiketi yangu ya kurudi nilikuwa na siku nne mkononi. Ningeweza kulala usingizi wa siku nne. Nilienda Rudraprayag.

Kitabu kinachoanza na miguu yako

Wasomaji wengi huchukua vitabu vya Corbett kama visa vya uwindaji, na ukianza na matarajio hayo kurasa za mwanzo zitakushangaza. Corbett haanzi na chui, wala haanzi na bunduki. Anaanza na wewe. Anakufanya uwe Mhindu kutoka nchi tambarare yenye joto, uliyeamua kwenda kuhiji Kedarnath na Badrinath. Anakuanzisha Haridwar, anakupitisha Rishikesh, anakupandisha bonde la Ganga kwa miguu mitupu. Njia inakuchoma nyayo. Zinapasuka. Unalala kwenye vibanda vya mahujaji, ubavu kwa ubavu na watu usiowajua. Unafika Rudraprayag, pale mto Alaknanda unapokutana na Mandakini na njia inapogawanyika: ukifuata Mandakini unaenda Kedarnath, ukiendelea na Alaknanda unaenda Badrinath.

Kwa lugha ya darasani hiyo ni matumizi ya nafsi ya pili. Walimu wetu wa fasihi wangeandika ubaoni "humshirikisha msomaji" na kuendelea mbele. Lakini hebu tazama kazi inayofanyika hapo. Chui anapoingia hadithini, wewe tayari umelala kando ya njia. Hukuambiwa uwaonee huruma mahujaji. Ulishageuzwa mmoja wao kabla hujapata nafasi ya kuwatazama kwa mbali kama "watu wa kule".

Nilikisoma sehemu hiyo mara ya pili ndani ya basi la alfajiri kutoka Rishikesh. Ni kama kilomita 140 hadi Rudraprayag, na barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mto ukiwa chini upande mmoja. Pale Devprayag basi lilipunguza mwendo na abiria wote wakageuza shingo: hapo Bhagirathi inaungana na Alaknanda, na kuanzia hapo mto unaitwa Ganga. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele yangu aliunganisha viganja akainamisha kichwa. Alikuwa amevaa raba na soksi za sufi, na mfuko wa dawa uliomning'inia shingoni ulikuwa kama ule wa mzee wangu, hadi zipu yake. Kutoka Rudraprayag angeendelea na gari lingine, kisha apande mlima kwa mguu au kwa mgongo wa nyumbu hadi hekalu la Kedarnath, lililo juu ya mita 3,500. Mimi niliyekuwa nimekaa wiki tano kwenye vijia vya hospitali nilijua mtu anaweza kupanda mlima akiwa na sababu gani.

Namna ya kuandika hofu

Chui wa Rudraprayag aliua watu kati ya 1918 na 1926. Orodha ya serikali inataja 125, na Corbett mwenyewe anaona idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa baadhi ya vifo vilivyotokea yeye akiwa huko havikuingizwa katika orodha. Eneo lake la kuwinda lilikuwa kama maili mraba 500. Chanzo, kwa maelezo ya Corbett, ni maradhi: homa ya mafua ya 1918 ilipoua watu kwa wingi, maiti hazikuweza kuchomwa zote kama desturi inavyotaka. Kaa la moto liliwekwa mdomoni mwa marehemu, kisha mwili ukasukumwa bondeni. Chui akaonja. Maradhi yalipopungua na mizoga ikaisha, akapanda vijijini.

Mwandishi mwingine angetujazia damu. Corbett anajizuia, na kujizuia huko ndiko kunakotisha. Nitatoa mifano miwili tu. Wanaume wawili, marafiki, wamekaa kwenye chumba kidogo chenye giza wakipokezana kiko cha maji. Mmoja anasikia kiko kikianguka. Anamlaumu mwenzake kwa uzembe, anainama kuokota makaa, na anapoinua macho anamwona chui akitoka mlangoni na mwenzake mdomoni. Hakukuwa na kelele. Mfano wa pili ni wa yatima wa miaka 14 anayechunga mbuzi 40, analala nao chumba kimoja, yeye kwenye pembe. Chui anafungua mlango, anawapita mbuzi wote 40, anamchukua mtoto. Asubuhi mbuzi wote wako wazima, hakuna hata mmoja aliyekwaruzwa.

Niliposoma hilo la pili kwa sauti, mzee aliniambia nirudie. Halafu akasema, "Alimchagua." Basi. Uhakiki mzima wa kisa hicho umo humo. Corbett anajua kwamba hofu kubwa haiko kwenye meno. Iko kwenye kuchaguliwa, na kwenye ukimya unaokuja baadaye, pale unapogundua kuwa umebaki kwa sababu tu jirani yako ndiye aliyeondoka.

Jambo la pili analolifanya vizuri ni kusimulia kushindwa. Karibu kitabu kizima ni kushindwa. Anategesha mtego, chui anaponyoka. Anaweka sumu, chui anakula na haifi. Anakaa usiku 20 juu ya mnara wa daraja la kamba za chuma akitegemea chui avuke, na kiumbe pekee anayevuka ni mbweha. Anarudi gizani chini ya mvua akijua anafuatwa, na hafichi kwamba aliogopa. Hata ushindi wenyewe, mwanzoni mwa Mei 1926, ni mdogo ajabu. Pale Golabrai, penye kibanda cha mahujaji, anapanda mwembe usiku baada ya usiku, chini amefunga mbuzi mwenye kengele. Kengele inalia ghafla, anawasha tochi, anapiga risasi moja, tochi inafifia, na kwa saa kadhaa hajui kama ameua au amekosa. Kulipopambazuka anamkuta chui mzee, jino limevunjika, manyoya yamefifia. Anakataa kumwita shetani. Kosa lake, anasema, lilikuwa dhidi ya sheria za binadamu, si dhidi ya sheria za maumbile, kwani aliua ili aishi.

Huo ni uadilifu wa mwandishi. Kwa miaka minane watu walikuwa wamemwita pepo, na mtu mtakatifu mmoja au mwingine alikuwa ameshukiwa kwamba hugeuka chui usiku. Ingekuwa rahisi kuukumbatia uzushi huo, maana unauza vitabu. Corbett anauchukua kwa heshima, kama jambo watu walilolihitaji ili waweze kuelewa, kisha anatuonyesha mnyama.

Mji wenyewe

Rudraprayag ya leo haikusubiri nije niisikitikie. Ni makao makuu ya wilaya tangu 1997. Barabara kuu imejaa mabasi ya mahujaji, jipu za kukodi, maduka ya simu, hoteli zilizobanwa kati ya mlima na mto kama meno yaliyosongamana. Honi hazinyamazi. Nilishuka basi nikiwa na kitabu mkononi kama mtalii yeyote mjinga, na muuza chai akakitambua mara moja kwa picha ya jalada. "Carpet Sahib!" akasema. Ndivyo wanavyolitamka jina lake, na ndivyo babu zao walivyolitamka.

Nilitelemka ngazi hadi makutanoni, chini ya hekalu. Maji siku hiyo yalikuwa na rangi mbili, na mstari wa mkutano ulionekana kwa kitambo kabla haujavurugika. Sauti yake inajaza kifua. Watu walichovya mikono, wengine walijaza maji kwenye chupa za plastiki. Nami nilijaza chupa ndogo, sijui kwa nini. Mzee ni mzee wa kanisa la PCEA na hana habari na mito mitakatifu.

Golabrai iko nje kidogo ya mji, kando ya barabara ile ile ya kutoka Rishikesh. Kuna alama ya ukumbusho na sanamu ya Corbett, kifua na kichwa. Malori yanapita. Nilikaa hapo kama nusu saa nikijaribu kuuona usiku wa 1926 na sikuuona. Nilichokiona ni mahujaji wanaoshuka kujinyoosha miguu, wanasoma kibao, wanapiga picha, wanapanda tena.

Usiku nilitoka kutembea makusudi. Saa nne, mji ulikuwa macho. Watoto walicheza chini ya taa, familia zilikula nje, bibi mmoja alikuwa akikanda miguu yake kwa mafuta mlangoni. Hofu ya bonde hili imebadilisha sura. Juni 2013 mafuriko yaliyotoka juu ya Kedarnath yaliteremka na Mandakini, yakaua maelfu ya watu, mahujaji na wenyeji. Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kwanza kama nimeangalia utabiri wa mvua, ndipo akaniuliza jina. Chui bado wapo katika milima ya Garhwal na bado huua watu vijijini mara kwa mara. Lakini yeye hakuwataja. Kidole chake kilielekea juu, upande mto unakotoka.

Nilipofungua kitabu chumbani, niligundua jambo ambalo Delhi sikuliona. Kumbe kile kitabu hakielezi mji hata kidogo. Corbett anaeleza njia, miti, miamba, upepo, kimo cha ukuta, umbali wa mti hadi mtego kwa yadi. Lakini mji kama mahali pa watu wenye mambo yao, madeni yao, ugomvi wao wa mipaka, haumo. Watu wake wanaingia kitabuni pale tu chui anapowagusa. Aliyepona anaonyesha kovu. Aliyefiwa anaeleza. Kisha wanatoka.

Vijiji viwili

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na kitabu ninachokipenda.

Kuna mahali Corbett anaorodhesha hatua zilizochukuliwa na serikali ya kikoloni ili chui auawe. Wenye bunduki za leseni Garhwal walikuwa kama 4,000. Leseni za ziada zikatolewa. Zikatangazwa zawadi: jumla ya rupia elfu kumi, na vijiji viwili. Soma tena. Vijiji viwili, zawadi. Mtu akiua chui atapewa vijiji, pamoja, bila shaka, na kodi ya watu waliomo. Corbett anaandika hilo kama anavyoandika idadi ya risasi. Hasimami hata kidogo. Sikio lililosikia kengele ya mbuzi ikibadilisha mlio gizani halikusikia kitu hapo.

Halafu kuna neno lenyewe, kafyu. Katika sura ya hofu Corbett anaiita hivyo ile hali ya watu kujifungia jua likitua, na anadai chui alitiiwa kuliko serikali yoyote. Ni sitiari nzuri. Inafanya kazi. Mchana soko limejaa, watu wanatembea, wanawake wanakata nyasi. Jua likianza kuinama kila mtu anakaza mwendo, mama anawaita wanawe kwa sauti ya juu, na giza likiingia bonde zima ni kimya.

Lakini mzee wangu alizaliwa 1954, katika kijiji cha Imajensi, nje ya mji wa Nyeri. Kwa wasiojua: serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, waling'olewa mashambani mwao na kusukumwa kwenye vijiji vyenye ulinzi, ili wapiganaji wa Mau Mau msituni wasipate chakula. Vingi vilizungushiwa handaki lililosimikwa vijiti vilivyochongwa, na waliolichimba ni akina mama. Nyanya yangu, tuliyemwita cucu, alilichimba akiwa na mimba ya mzee. Alitusimulia mara chache, na kila mara alianza na kafyu. Hakuanza na kipigo wala njaa. Alianza na namna jua lilivyokuwa likiinama, na wanawake wakaza mwendo na kuni mgongoni, na mama anayewaita wanawe kwa sauti ya juu.

Unaona? Ni picha ile ile. Tofauti ni moja. Garhwal komeo lilikuwa upande wa ndani, na aliyelifunga ni mwenye nyumba. Kijijini kwa cucu lango lilifungwa na mtu aliyesimama nje, mwenye bunduki na orodha ya majina.

Corbett alikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo Nyeri. Aliondoka India mwishoni mwa 1947, miezi michache tu baada ya uhuru, akaja mahali ambapo bendera ya Uingereza ilikuwa bado ikipepea. Yeye na dada yake Maggie waliishi Paxtu, nyumba ndogo iliyojengewa Baden-Powell kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Februari 1952 alikuwa Treetops usiku ule binti mfalme Elizabeth alipolala juu ya mti na baba yake akafariki Uingereza. Miezi minane baadaye ikaja hali ya hatari. Mwaka 1954 wapiganaji wakaichoma Treetops. Kitabu chake cha mwisho, kijitabu kilichotoka 1955 baada ya kifo chake, kinaitwa Tree Tops, na kinahusu jioni ile ya tembo, maji na binti mfalme.

Sitaki kumwonea. Alikuwa mzee wa karibu miaka 80, mapafu yake mabovu, na hakuna mwandishi anayedaiwa kitabu. Tena kabla ya hapo, mwaka 1952, alikuwa ametoa My India, kitabu chenye upendo wa kweli kwa maskini wa India, watu aliofanya nao kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya reli pale Mokameh Ghat kwa takriban miaka 20. Mtu asiyejali watu haandiki kitabu kile.

Ndiyo maana swali linauma. Ni nini alichokuwa nacho Garhwal ambacho hakuwa nacho Nyeri? Jibu langu, baada ya siku nne, ni lugha. Corbett alizaliwa katika milima ile. Alizungumza na watu kwa lugha yao tangu utotoni, alikaa barazani mwao, alisikiliza namna mtu anavyorudia neno akiogopa. Visa bora vya kitabu hiki si vyake. Amepewa na watu, na ametulia akawasikiliza hadi mwisho. Kisa cha kiko cha maji ni mali ya yule aliyebaki. Corbett aliweza kukiandika kwa sababu aliambiwa. Nyeri hakuna aliyemwambia kitu, na kati yake na cucu palikuwa na ua wa hoteli, kisha handaki. Maili si nyingi. Ungeweza kuzitembea asubuhi moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomsifu Corbett kama jicho. Macho ya kuwinda wanayo wengi. Kilichomfanya mwandishi ni sikio, na sikio halisafiri peke yake. Linasafiri na lugha. Hilo linatuhusu sisi tunaoandika leo, hasa waandishi wa habari kama mimi, tunaoshuka mahali na daftari, tukakaa siku nne, tukarudi na makala.

Kisome, lakini

Je, nakupendekezea kitabu? Ndiyo, tena bila kusitasita. Kisome kwa ajili ya kurasa za mwanzo, kwa ajili ya mbuzi 40, kwa ajili ya jinsi mtu anavyoweza kusimulia kushindwa kwake bila kujipamba wala kujidharau. Kisome polepole usiku. Ukifika tamati, tazama vizuri kile kisa cha mwaka 1942 huko Meerut: askari kijana wa Garhwal, aliyerudi vitani akiwa kilema, anamtambua Corbett na kufurahi kwamba sasa atakwenda kumwambia baba yake amemwona kwa macho yake. Ni ukurasa wa kutoa machozi, na Corbett anauandika kwa unyenyekevu. Ukimaliza kupangusa machozi, uliza viungo vya kijana huyo vilipotea katika vita vya nani.

Na kama kuna mtafsiri anayesoma hapa, kazi hiyo nakutupia. Hatuna Corbett kwa Kiswahili, na amezikwa kwetu. Kiswahili cha Kenya kina neno kafyu tayari, halihitaji maelezo ya chini. Lililetwa na lori la askari, na msomaji wa Nyeri akilikuta katika sura ya hofu atalisikia kwa namna ambayo Mwingereza hawezi.

Tulirudi nyumbani mwezi wa sita. Mzee anatembea sasa, taratibu, na daktari anataka atembee. Jumamosi moja tulienda hadi makaburi ya St Peter's. Tulimpita Baden-Powell, tukamtafuta yule mwingine hadi tukampata. Mzee alisimama hapo, mikono nyuma. Nilidhani atasema jambo juu ya cucu.

"Yule mbuzi," akasema. "Wa kengele. Alikufa?"

Nikamwambia hapana, alipona. Akawa maarufu Garhwal nzima, na mwenyewe akamvisha kola ya shaba.

Mzee akacheka hadi akashika kifua, nami nikaogopa kidogo. "Mbuzi akapata kola," akasema. "Na vile vijiji viwili, vilipewa nani?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Aya," akasema, "twende nyumbani kabla jua halijashuka."